Amesikitika, Hashangai: Urafiki wa Cameron na Gove Ulivyovunjwa na Kura ya Brexit

Usiku wa Ijumaa, 19 Februari 2016, David Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Brussels baada ya siku mbili za kuvutana na viongozi wenzake wa Umoja wa Ulaya. Alikuwa amepata alichokwenda kukitafuta, au angalau kiasi cha kumwezesha kurudi nyumbani na kusema amekipata. Lakini habari nyingine ilikuwa imeshamfikia kabla hajapanda ndege: Michael Gove, Waziri wake wa Sheria, angepiga kampeni ya kuitoa Uingereza katika umoja huo. Akaulizwa. Akajibu kwamba Michael ni mmoja wa marafiki zake wa siku nyingi na wa karibu kabisa, lakini kwa takriban miaka 30 amekuwa akitaka nchi ijitoe. Kwa hiyo amesikitika, ila hashangai.

Septemba 2019 Cameron alichapisha kumbukumbu zake. Humo Gove ni mtu mwingine kabisa. Ni mtu ambaye, kwa maelezo ya Cameron, sifa moja tu ilijitokeza kwake katika miezi ile: kukosa uaminifu. Kwanza kwa Cameron mwenyewe, kisha kwa Boris Johnson, mwenzake Gove katika kampeni ya kuondoka.

Sasa, mtu aliyesema mwezi wa Februari kwamba hashangai, anapata wapi haki ya kusema baadaye kwamba alisalitiwa? Swali hilo ndilo lililonivuta kwenye kisa hiki. Waingereza wengi husimulia Brexit, yaani nchi yao kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kama kura iliyogawa nchi kwa sababu watu walikuwa na maoni tofauti, na marafiki wakaachana kwa sababu hiyo hiyo. Nikiutazama urafiki huu, ambao umeanikwa hadharani kuliko mwingine wowote wa wakati ule, naona maoni hayakuwa na hatia kubwa. Yalikuwemo ndani ya nyumba miaka yote, yakikaribishwa chai.

Nyumba mbili

Cameron alizaliwa 1966, mtoto wa dalali wa hisa, akasoma katika shule ya kifahari ya Eton na Chuo Kikuu cha Oxford. Gove alizaliwa Aberdeen, Uskoti, mwaka uliofuata, akaasiliwa akiwa na miezi minne na familia ya mji huohuo iliyokuwa na biashara ndogo ya kusindika samaki. Alisoma kwa bidii na kwa ufadhili, akafika Oxford naye, akawa rais wa chama maarufu cha midahalo cha chuo hicho, halafu mwandishi wa gazeti la The Times. Cameron alikuwa miongoni mwa waliomhimiza aache kalamu aingie bungeni. Gove naye, mara tu alipopata ubunge wa Surrey Heath mwaka 2005, akawa mmoja wa wachache waliosimama na Cameron katika mbio za uongozi wa chama cha Conservative, wakati ambao wengi hawakumpa nafasi.

Basi tayari kuna hisani mbili hapo, moja kila upande. Hakuna aliyeziandika.

Kilichoufanya urafiki huu uwe wa nyumbani hasa ni wake zao. Samantha Cameron na Sarah Vine, mwandishi wa safu magazetini, walikuwa na watoto katika shule moja ya msingi ya kanisa huko Kensington, wakisaidiana kuwapeleka na kuwachukua. Walikwenda likizo pamoja. Wikiendi nyingine zilipita Chequers, nyumba ya mashambani ya mawaziri wakuu. Mtoto wa mwisho wa akina Cameron alipozaliwa Agosti 2010, miezi mitatu tu baada ya baba yake kuingia Downing Street, makazi na ofisi ya Waziri Mkuu, Sarah ndiye aliyekuja kuwa mama yake wa ubatizo. Msomaji wa Moshi au Bukoba hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu huyo anahesabiwa katika ukoo, na siku ya harusi ya mtoto ana kiti chake mbele. Waingereza wa siku hizi hulichukulia kwa wepesi zaidi, lakini hata kwao huwezi kumpa nafasi hiyo mtu unayemjua kwa salamu tu.

Na kazini vilevile. Gove alikuwa katika kikundi kilichomwandaa Cameron kwa maswali ya bungeni ya kila Jumatano. Hiyo ni kazi ya rafiki: unakaa mbele ya mkubwa wako, unajifanya mpinzani, unamrushia maneno makali ili akienda kurushiwa ya kweli asiyumbe.

Na maoni yake kuhusu Ulaya? Yalijulikana. Mwezi Mei 2013 Gove alisema kwenye televisheni ya BBC kwamba kura ikipigwa siku hiyo, angepiga ya kuondoka. Cameron alikuwa Waziri Mkuu, Gove akiwa Waziri wake wa Elimu. Hakufukuzwa. Hata kuitwa hadharani na kukaripiwa hakuitwa. Walicheka, wakaendelea, au pengine hawakucheka, lakini waliendelea. Januari mwaka huohuo Cameron alikuwa ameshaahidi kwamba akishinda uchaguzi ujao ataitisha kura ya maoni. Ina maana wote wawili walikuwa wanaiona ile siku kwa mbali, kama watu wa pwani wanavyoiona mvua ikija toka baharini, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye atakayeanua nguo.

Julai 2014

Hapa ndipo ningeweka kidole kama ningeulizwa kidonda kilianzia wapi, na si mwaka 2016.

Gove alikuwa waziri wa elimu mwenye haraka. Alizitoa shule kwa maelfu kutoka mikononi mwa serikali za mitaa na kuzifanya zijiendeshe, akabadilisha mitihani na mitaala, akagombana na vyama vya walimu hadi vikapitisha maazimio ya kutokuwa na imani naye. Yeye aliona hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Lakini uchaguzi wa 2015 ulikuwa unakaribia, na mtaalamu wa kampeni wa Cameron, Lynton Crosby, alikuwa na takwimu zilizoonyesha kwamba jina la Gove linawakera walimu, na walimu ni kura. Tarehe 15 Julai 2014 Cameron akampangua, akamfanya mnadhimu mkuu wa chama tawala bungeni. Ni cheo, ndiyo, lakini ni cha kuhesabu wabunge na kuwabembeleza. Mshahara nao ulikuwa mdogo zaidi.

Kwa waziri mkuu, hiyo ni shughuli ya kawaida ya Julai. Unapanga upya timu. Unamwambia rafiki yako ukweli, unampa kitu kingine, maisha yanaendelea. Kwa mtu aliyeondolewa mambo hayako hivyo. Sarah Vine hakuficha: alisambaza mtandaoni makala ya mwandishi mmoja mkongwe aliyeiita hatua ile kazi ya aibu ambayo Cameron angekuja kuijutia. Mke wa mnadhimu mkuu mpya, mama wa ubatizo wa binti wa Waziri Mkuu, anaweka jambo hilo hadharani. Ukitaka kujua hali ya nyumba, angalia kilichoanikwa kambani.

Baada ya ushindi wa Mei 2015 Cameron alimrudishia Gove wizara kamili, Wizara ya Sheria, pamoja na cheo cha kale cha Lord Chancellor. Nadhani, na hii ni tafsiri yangu, kwamba Cameron aliona deni limelipwa. Alikuwa amemwondoa kwa sababu ya kura, kura zimepatikana, amemrudisha. Sasa wako sawa. Kwa Gove somo lilikuwa jingine: rafiki yako akiwa mkubwa wako, ipo siku atakupima kwa mizani ya kazi, na siku hiyo urafiki utasubiri nje. Alipopata naye nafasi ya kupima, alitumia mizani hiyohiyo.

Sisemi alilipiza kisasi. Watu waliomfahamu walisema imani yake kuhusu Ulaya ni ya kweli na ya muda mrefu, na Cameron mwenyewe alikiri hivyo pale Brussels. Ninachosema ni kwamba tukio la 2014 liliondoa kizuizi. Kabla ya hapo, kumpinga Cameron kwenye jambo kubwa kungekuwa ni kuvunja kitu kizima. Baada ya hapo kitu chenyewe kilikuwa na ufa.

Kilichoahidiwa

Cameron anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba Gove alimhakikishia kuwa hata akiamua kuunga mkono kuondoka, atatoa hotuba moja tu, basi, hatashiriki zaidi. Maelezo hayo ni ya upande mmoja na tuyachukue hivyo. Lakini yanafungua lile fumbo la kusikitika bila kushangaa. Pale Brussels Cameron alikuwa anazungumzia kura ya Gove, na kura ya Gove aliijua. Hakuwa bado ameiona kampeni ya Gove.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 20, baraza la mawaziri lilikutana Downing Street. Mkutano wa Jumamosi haukuwa umewahi kuitwa tangu vita vya Falkland vya 1982. Cameron alikuwa amelegeza kanuni ya mawaziri kusimama na sauti moja, kila mmoja yuko huru kuchagua kambi. Mkutano ulipokwisha, sita kati yao walivuka mto Thames hadi ofisi za Vote Leave, kampeni ya kuondoka, na kupigwa picha pamoja. Gove alikuwemo. Priti Patel, ambaye wazazi wake ni Wahindi wa Uganda, naye alikuwemo. Siku hiyo Gove alitoa tamko refu akisema huo ni uamuzi mgumu kuliko wote katika maisha yake ya siasa, na kwamba inamuuma kutofautiana na Waziri Mkuu.

Ni tamko la kiungwana, hakuna tusi ndani yake. Kama mambo yangeishia hapo, naamini akina Cameron wangenuna mwaka mmoja, halafu siku moja mtoto angeulizia zawadi ya mama wa ubatizo na watu wangepigiana simu.

Hayakuishia hapo. Gove akawa mwenyekiti mwenza wa kampeni. Na hapo ndipo ninapokataa ile hadithi ya maoni. Maoni ni kitu unachobaki nacho kichwani. Unaweza kuyatoa mezani na kuyarudisha. Kampeni ni mashine ya kushinda. Inahitaji kila siku sababu mpya ya kumfanya mtu wa upande wa pili aonekane mwongo, na mtu wa upande wa pili hapa alikuwa rafiki yako. Tarehe 29 Mei Gove na Johnson walisaini barua ya wazi kwa Cameron wakimwambia kwamba ahadi yake ya kupunguza wahamiaji, ambayo haijatimia, inakula imani ya wananchi. Ahadi ile ilikuwa ya serikali ambayo Gove alikaa ndani yake miaka sita! Siku mbili kabla ya kura, Gove aliwalinganisha wachumi waliokuwa wakitahadharisha kuhusu kuondoka na wanasayansi wa Ujerumani ya Wanazi waliotumiwa kumpinga Einstein. Aliomba radhi kesho yake. Cameron alikuwa ameshasema hadharani kwamba watu wale wamepotewa na akili.

Cameron naye hakuwa malaika. Sarah Vine, katika kitabu chake cha 2025, anasimulia jinsi Cameron alivyomkabili kwa hasira akimtaka amdhibiti mumewe, akimwambia kwamba hapa yeye anapigania uhai wake wa kisiasa. Maneno yenyewe yalikuwa makali kuliko nilivyoyaandika. Soma ombi hilo polepole. Mtu anamwendea mke wa rafiki yake, si kumwuliza hali, bali kumpa kazi.

Na samaki wa Aberdeen

Hiki ni kijipande nisichoweza kukiacha, maana kinaonyesha kampeni inavyofanya kazi hata kwa watu wasiotaka lolote na siasa. Gove alikuwa akisimulia kwamba biashara ya baba yake, ile ya samaki, iliangamizwa na sera ya pamoja ya uvuvi ya Ulaya. Ni simulizi yenye nguvu: mvulana wa kuasiliwa wa Aberdeen, baba anafunga karakana, Brussels haijali. Katikati ya Juni 2016 gazeti la The Guardian likampata baba mwenyewe, Ernest Gove. Mzee akasema aliiuza biashara kwa hiari yake, kwa kuwa hakuona mustakabali wake, na haikuwa shida kubwa. Gove akaulizwa jambo hilo mbele ya watazamaji wa televisheni, akashikilia simulizi yake. Kisha likatoka tamko la mzee likimuunga mkono mwanawe.

Huenda wote wawili walikuwa wakweli. Mzee anakumbuka siku aliyotia saini. Mtoto anakumbuka miaka ya mazungumzo ya huzuni mezani. Katika familia tofauti hiyo huwa inaishia kwenye kucheka siku ya sikukuu. Katika kampeni inageuka ushahidi wa mahakamani, mzee anapigiwa simu na mwandishi, na ukumbusho wa nyumbani unatakiwa uwe na tarehe.

Alfajiri na wiki iliyofuata

Kura ilipigwa Alhamisi, 23 Juni 2016. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2 ya walioandikishwa. Kuondoka kulipata asilimia 51.9, kubaki 48.1, tofauti ni kura 1,269,501. Wiki moja kabla yake mbunge Jo Cox alikuwa ameuawa na mtu mwenye itikadi kali za kulia jimboni kwake Yorkshire, kampeni zikasimama siku kadhaa, halafu zikarudi.

Gove alikuwa amelala. Mkewe aliandika siku chache baadaye kwamba simu ililia kabla ya saa kumi na moja alfajiri, mume akapapasa miwani yake gizani, sauti upande wa pili ikamwambia wameshinda. Jibu lake lilikuwa la mtu aliyeambiwa mgeni amefika mapema: basi afadhali niamke. Saa tatu na nusu baadaye hivi Cameron alitoka nje ya mlango mweusi wa Downing Street, Samantha hatua chache kando yake, akatangaza kwamba anajiuzulu.

Siku sita. Hizo ndizo Gove na Johnson walizodumu kama kambi moja baada ya ushindi. Tarehe 30 Juni, saa chache kabla Johnson hajazindua kampeni yake ya uwaziri mkuu, Gove alitangaza kwamba, kwa kusitasita, amefikia hitimisho kwamba Boris hawezi kutoa uongozi unaohitajika, na kwamba atagombea yeye. Johnson akajitoa. Cameron akamtumia Johnson ujumbe wa simu kumwambia kwamba bora angebaki upande wake yeye Cameron. Johnson akajibu kwa kuuliza kama Gove ana walakini kichwani. Nimezisoma meseji hizo mara nyingi. Watu wawili waliokuwa wakiraruana wiki iliyopita, wanapatanishwa kwa dakika moja na mtu wa tatu wa kumsengenya.

Na Gove hakupata kitu. Raundi ya kwanza ya kura za wabunge alipata 48, ya pili 46. Theresa May, aliyeshinda mbio hizo, alipoingia madarakani akamfukuza siku ya pili. Cameron aliacha ubunge Septemba. Katika miezi saba, wanaume wawili waliokuwa wakiiendesha nchi walibaki wakiangaliana kwa mbali kama watu wa mtaa mmoja waliogombania kiwanja, na kiwanja kikachukuliwa na manispaa.

Nani alaumiwe?

Maelezo mepesi yako matatu. La kwanza ni tamaa ya madaraka. Siliamini sana: mwenye tamaa asingemwacha Waziri Mkuu aliyeshinda uchaguzi mwezi wa Mei kwa ajili ya kampeni ambayo karibu kila mtu aliamini itashindwa. La pili ni mke. Siku zile barua pepe ya Sarah kwa mumewe ilimfikia mtu asiyehusika kwa bahati mbaya, ikachapishwa, na humo alimwambia ashikilie ukaidi wake na asimuunge mkono Johnson bila kuhakikishiwa mambo fulani. Magazeti yakamchora kama mchawi wa tamthilia. Lakini wanaume wanne au watano watu wazima walikuwa wakifanya maamuzi yale, na Cameron alipotaka kumbana Gove alimbana mkewe. Mwanamke alitumiwa kama simu, halafu akalaumiwa kwa ujumbe.

La tatu, la tabaka, lina ukweli zaidi. Cameron alizaliwa ndani. Gove aliingia kwa mtihani. Aliyezaliwa ndani huamini kwamba ugomvi wote unaweza kumalizwa kwa chakula cha mchana, kwa kuwa kwake umemalizwa hivyo siku zote. Aliyeingia kwa mtihani anajua kwamba alichonacho ni hoja zake. Ukimwomba aziweke chini kwa ajili ya urafiki, unamwomba aweke chini tiketi yake.

Linganisha na akina Johnson. Boris aliongoza kuondoka. Ndugu yake Jo alikuwa wa kubaki, akajiuzulu uwaziri mara mbili, ya pili Septemba 2019 akiwa ndani ya serikali ya kaka yake mwenyewe, akisema amevutwa kati ya uaminifu kwa familia na maslahi ya taifa. Dada yao Rachel alikuwa wa kubaki. Baba yao pia. Iliwauma, na walisema hadharani kwamba iliwauma, lakini hakuna aliyelazimika kutangaza kwamba Jo si ndugu tena, kwa sababu jambo hilo haliko mikononi mwa mtu. Ndugu wakigombana, kuna msiba, kuna harusi, kuna mama mgonjwa: kalenda yenyewe inawaita. Urafiki hauna kalenda. Mmoja asipopiga simu na mwingine asipopiga, umekufa, na hakuna anayeitwa kuuzika.

Waliopiga kura wakarudi nyumbani

Kilichowapata akina Cameron kiliwapata wengi ambao hawana kumbukumbu za kuchapisha. Watafiti watatu wa siasa, Sara Hobolt, Thomas Leeper na James Tilley, walionyesha kwamba baada ya 2016 Waingereza wengi walijitambulisha kwa kambi ya kura ile kuliko walivyojitambulisha kwa vyama vyao, na kwamba utambulisho huo ulibeba dhana mbaya juu ya wa upande wa pili, pamoja na kusita kuchanganyika naye. Watu walikuwa wamepiga kura moja, siku moja, kwa swali la majibu mawili, wakatoka wakiwa makabila mawili.

Sehemu ya tatizo ni lile swali. Katika uchaguzi wa kawaida unaweza kukosana na rafiki yako kuhusu chama na bado mkakubaliana kuhusu mbunge, kodi, au hospitali ya wilaya. Kuna kona za kujificha. Kura ya kubaki au kuondoka haikuwa na kona. Wala haikuwa na uchaguzi mwingine baada ya miaka mitano ambapo aliyeshindwa angepata zamu yake. Ndiyo maana ugomvi uliendelea hadi nchi ilipotoka rasmi, 31 Januari 2020.

Ndugu zetu waliokuwa huko walipewa mtihani wa aina yake. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda aliyekuwa akiishi Uingereza kihalali aliweza kupiga kura ile, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mrundi hakuweza, wala Mkongo. Na mtu wa Poland aliyefanya kazi Leicester miaka kumi, anayelipa kodi na kusomesha watoto, ambaye maisha yake ndiyo yaliyokuwa yakijadiliwa, hakuweza. Mfikirie Mkenya na huyo Mpoland katika ghala moja, zamu moja ya usiku, asubuhi ya tarehe 24. Hakuna haja ya mtu kuuliza "ulipiga upande gani?" Kimya chenyewe kinauliza. Na Mkenya, hata kama alipiga ya kubaki, anajikuta anataka kulisema jambo hilo kabla hajaulizwa, na akilisema linasikika kama anajitetea.

Meza moja tena

Tarehe 13 Novemba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliwashangaza wote kwa kumrudisha Cameron kutoka ustaafuni na kumfanya Waziri wa Mambo ya Nje, akimpa kiti katika Bunge la Mabwana kwa kuwa hakuwa mbunge tena. Katika baraza hilohilo, akishika wizara ya makazi na serikali za mitaa, alikuwemo Michael Gove. Wakaketi meza moja kwa miezi karibu minane, hadi chama chao kilipopigwa vibaya katika uchaguzi wa Julai 2024. Gove hakugombea tena. Akaenda kuhariri jarida la The Spectator, na mwaka uliofuata akapewa naye ubwana.

Anayepewa ubwana huchagua jina la mahali pa kuambatanisha na cheo chake. Cameron alichagua Chipping Norton, mji mdogo mzuri wa Oxfordshire ulio karibu na nyumba yake ya mashambani. Gove alichagua Torry, mtaa wa Aberdeen uliokua kwa samaki. Kwa hiyo sasa wote wawili ni mabwana katika ukumbi mmoja, upande wa chama kimoja. Wakikutana kwenye ujia hakuna anayehitaji kumpigia mwenzake simu. Ratiba ya ukumbi imeshawakutanisha.

Samantha na Sarah hawana ukumbi. Sarah na Michael walitengana 2021, talaka ikakamilika mwaka uliofuata. Katika kitabu chake cha 2025, Sarah anaandika kuhusu urafiki wake na Samantha kama mtu anayeandika kuhusu marehemu. Mtoto aliyesimamiwa ubatizo alizaliwa Agosti 2010; mwaka kitabu kilipotoka alikuwa anatimiza miaka 15.